Mwana wa Mfalme Hajapanda Meli

Juzi nilipita Bellevue, mtaa wa hapa Johannesburg. Sikuwa na safari ya huko. Nilikuwa nampelekea fundi cherehani gauni la kupunguza kiuno, dereva wa teksi akagombana na abiria wa mbele, hasira zikatuangukia sote, akatushusha kwenye robot, taa za barabarani, na kuondoka. Basi nikatembea. Miguu nayo unaijua, rafiki yangu, haina adabu, inakwenda inakotaka yenyewe. Nikajikuta nimesimama mbele ya ile nyumba.

Wameweka vigae! Baraza letu lote, lile jekundu tulilolisugua mpaka magoti yakaota sugu, wamelifunika vigae vya kijivu kama vya bafuni. Nikasimama pale na gauni langu kwenye mfuko, mtu mzima nalilia sakafu. Mlinzi akaniuliza kwa Kizulu namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Na kweli, pale hayupo tena hata mmoja wa kumtafuta.

Ngoja nikusimulie, maana nikinyamaza nalo litanikaa kifuani wiki nzima.

Ilikuwa mwaka 2015, na mimi nina miaka kumi na mmoja. Nyumba ile zamani ilikuwa ya familia moja, ina dari ndefu na madirisha ya vioo vya rangi. Siku zetu ilikuwa imekatwakatwa kwa mbao, kila chumba na watu wake, bomba moja la maji uani, na kamba za nguo zinapishana kama barabara. Chumba chetu kilikuwa cha mbele, cha bibi na mimi. Tulitoka Kalemie, kule ziwani Tanganyika, mambo ya bunduki yalipoanza kusogea karibu. Mama alikuwa mkunga. Akasema hawezi kuwaacha wajawazito wake hivi hivi mpaka apatikane mwenzake wa kushika zamu. “Tangulieni,” alisema, “mie nakuja.” Akanifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo mpaka likaniuma, tukaondoka.

Mwaka mzima nilisubiri hilo “nakuja”. Shuleni wenzangu walisema Kiingereza na Kizulu, mimi nina Kiswahili na Kifaransa cha kuokoteza. Hawakunipiga, nisiwasingizie. Hawakunicheka sana pia. Walicheza tu, mpira ukaruka juu ya kichwa changu kwenda na kurudi, kama mimi ni nguzo. Mapumziko nilikula maandazi yangu karibu na mapipa ya taka kwa sababu pale palikuwa na jua, na hakuna aliyepataka. Nakwambia nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na mkoba wangu.

Kilichoniokoa ni jirani.

Chumba cha pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja Mtanzania, mtu wa Morogoro. Mumewe alikuwa wa hapa hapa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania wakati wa ukombozi. Wakaoana huko, uhuru ulipokuja akarudi naye. Mume akafariki. Siku ya mazishi shemeji zake wa Soweto walisimama mmoja mmoja mbele ya watu, wakasema nyumba ni ya mjane, asiiguse mtu. Arobaini haijafika, kitanda chake kiko nje kwenye majani. Haya sikuyasikia kwake, aliyenisimulia ni bibi. Yeye mwenyewe alikuwa mcheshi, ana miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja, na vitabu alivinunua chini barabarani kama wengine wanavyonunua nyanya, akivibonyeza kwanza.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusugua baraza. Unachota ile nta nyekundu kwenye kopo, unapaka kwa kipande cha blanketi kuukuu, unapiga magoti na kusugua mpaka uone kivuli cha uso wako. Harufu yake mpaka leo nikiisikia natafuta pa kupiga magoti. Bibi alikaa kwenye kigoda akitwanga sombe, kisamvu cha kwetu, yule jirani kwenye kiti chake cha plastiki, na mshahara wangu ulikuwa hadithi. Baadaye ikawa si Jumamosi tu. Kila nilipotoka shule alikuwa ameshasoma kipande asubuhi kwa Kiingereza, na alasiri ananipa kwa Kiswahili, mpaka jua lilipoondoka barazani. Majira ya baridi ya Johannesburg, jua likiondoka hata hadithi inaganda. Tuliingia ndani.

Kitabu cha msimu ule kilikuwa kinene kama tofali. Riwaya ya wafalme wa Uingereza ya kale kabisa, enzi za mapanga na farasi, watu wanaogombea kiti cha enzi. Jirani alikipenda kwa namna ya kukitukana. “Wanafiki hawa!” alianza kila mara kabla hata hajakaa vizuri. “Mabwana wakubwa, wanaapa mezani mbele ya padri, mfalme akifumba macho tu wanageuka. Ngoja utawaona.” Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni, akatwanga.

Basi alikuwepo mfalme, mkali, mchapakazi, kazaa nje watoto wasiohesabika, lakini mtoto wa kiume wa nyumbani ni mmoja tu. Na binti mmoja, kaozwa nchi ya mbali angali mdogo kama mimi. Hapo nilisogea. Binti aliyepelekwa ugenini, lugha haijui, kaambiwa kaa hapa uwe mkubwa: huyo nilimwelewa bila kuelezwa.

“Mufalme muzima na mutoto moja?” bibi akashangaa, Kiswahili chake cha Kalemie. “Hii njo hatari.”

“Umeona eeh, mama?” jirani akafurahi. “Umekiona kitabu chote hapo.”

Waliheshimiana hivyo, wakitaniana. Bibi alisema ndakala, jirani akasema dagaa, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake hajawahi kula samaki wa maana. Nami katikati, mikono myekundu ya nta, nikicheka. Zilikuwa saa zangu za kuwa na watu.

Mwezi wa sita mama akapiga simu. Jumapili, tumetoka kanisani, bibi anamenya viazi. Sauti ilikuwa inakatika lakini nilisikia: mwenzake amepatikana. Atapanda boti Kalemie kwenda Mpulungu, upande wa Zambia, kisha basi mpaka Johannesburg. “Nikifika utakuwa umenipita urefu?” aliniuliza. Nikasema ndiyo. “Usinipite, ningoje.” Simu ikakatika.

Usinione hivi, siku ile niliruka mpaka mpangaji wa chumba cha nyuma akapiga ukuta. Nilikimbia spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate bila kutumwa. Bibi hakuruka. Alitulia, akaanza miiko.

Kwao watu wa ziwa, mtu wa nyumbani akiwa majini kuna maneno hayatamkwi. Kuzama halitajwi, hata kwa jiwe lililoanguka kwenye ndoo. Na chombo cha kuoshea hakigeuzwi mdomo chini, kwa sababu nacho ni kama boti. Mie mambo hayo niliyanyonya na maziwa. Jirani wa Morogoro, mtu wa milimani, angejuaje? Kesho yake asubuhi alimaliza kufua, na kwa wema wake akaosha na mabeseni yetu, akayageuza yote uani ili yachuje maji. Bibi akatoka mlangoni.

“Usigeuze! Mutoto wangu iko ku mayi!”

Sijawahi kumsikia bibi akipiga kelele namna ile, kabla wala baada. Akayarudisha mabeseni mdomo juu moja moja, kanga inamwanguka begani. Jirani alisimama na povu mikononi. Alipoelezwa alishika kifua, akaomba radhi mpaka akataka kupiga magoti, bibi akamzuia. Wakaishia kunywa chai.

Alasiri ile nikakaa barazani nikingoja hadithi. Tulikuwa tumefika patamu. Mfalme amemaliza vita vyake ng'ambo, huko Ufaransa, anarudi Uingereza na jeshi lake. Yeye ametangulia na meli yake. Mwanawe atafuata na meli mpya, nyeupe, yenye kasi kuliko zote, pamoja na vijana wote wa nyumba kubwa kubwa, wamevaa hariri, wanacheka. Tuliishia hapo, wanakaribia kupanda.

“Enhe, wamepanda?” nikauliza.

Jirani alifuta miwani yake muda mrefu. “Bado,” akasema. “Mwana wa mfalme kawapa mabaharia mvinyo. Wamelewa. Hajapanda.”

Kesho yake, hajapanda. Rafiki yake mmoja tumbo linamuuma. Kesho kutwa, hajapanda, wanabishana nani akae mbele. Mpishi kasahau chumvi, karudi mjini. Padri amekuja kuibariki meli, vijana wamemfukuza kwa vicheko, sasa wengine wanaogopa. Kila alasiri jirani alileta sababu mpya. Ilikuwa michezo, ukikumbuka leo unatamani kucheka: mara mbwa wa mwana wa mfalme amepotea bandarini, basi tunamtafuta huyo mbwa siku mbili nzima.

“Huyu iko mutu wa kuchelewa sana,” bibi akasema. “Kwetu boti ingemuacha zamani.”

Mimi nilikasirika. Maana kichwani mwangu, sijui ilianzaje, mama na yule mwana wa mfalme walikuwa wasafiri wa safari moja. Aliposimama yeye, nami niliona mama amesimama. Nikasema akipanda huyu, mama anafika. Shuleni karibu na mapipa nilikuwa namwombea kijana wa Kiingereza aliyekufa miaka mingi kabla ya Johannesburg kuwepo. Nilimwomba Mungu ampandishe.

“Apande basi!” nikamfokea jirani siku moja, mtoto nisiye na haya. “Apande, apande, tumechoka!”

Bibi alininyoshea kidole. Jirani akasema, “Mwache, mama.” Halafu kwangu, taratibu, “Hajapanda, mwanangu. Subira yavuta heri.”

Simu ya mama haikupatikana. Bibi akasema mtandao wa ziwani ni shida. Baadaye akasema mabasi ya Lusaka huharibika njiani. Alikuwa amemnunulia mama koti la baridi, la mtumba, rangi ya zambarau, kwa sababu mtu anatoka kwenye joto la Kalemie anaingia kwenye huu ubaridi wa kukata masikio. Lilining'inia msumarini nyuma ya mlango. Nikiwa peke yangu niliingiza uso ndani yake. Lilinuka sabuni na mwanamke mwingine, nisiyemjua. Nilisubiri lianze kunuka mama.

Kisha ikaja siku, ya katikati ya wiki. Nimefika getini kutoka shule, nikawaona akina mama wa kanisa letu wanaingia chumbani kwetu na viti vya plastiki vichwani. Wakongomani bwana, hatuendi popote bila wimbo. Wale walikuwa kimya. Mchungaji amesimama mlangoni, kofia mkononi, aliponiona akatazama viatu vyake.

Jirani alikuwa ananingoja. Akanishika mkono kabla sijafika mlangoni, akanipeleka upande wake wa baraza, akanikalisha, akanifunika blanketi miguuni. Jua lilikuwa bado lipo.

“Leo anapanda,” akasema.

Nilipiga makofi! Jamani, nilipiga makofi.

Akasimulia bila utani. Akapanda mwana wa mfalme, na marafiki zake, na wasichana waliovaa mapete, wakaimba. Mabaharia wakavuta makasia kwa nguvu wampite mfalme aliyetangulia. Bahari ilikuwa shwari, hakuna hata upepo. Na mwamba ulikuwa pale pale karibu na bandari, kila mtu wa pwani anaujua. Meli ikaugonga. Ikajaa maji, ikazama. Alilitamka hilo neno, kuzama, na nikageuka haraka kuangalia kama bibi amesikia. Wote wakafa, akasema, isipokuwa mchinja nyama mmoja aliyeshika ubao. Yule kijana alikuwa ameshashushwa kwenye mashua ndogo, angepona. Akasikia dada yake mmoja, wa mama mwingine, anamwita. Akarudi kumchukua. Watu wakaivamia mashua.

“Na mfalme?” nikauliza.

“Mfalme alikuwa ameshafika. Anauliza mwanangu yuko wapi. Mabwana wote wanajua. Wanaume wenye mapanga, wamepigana vita. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Wakalia pembeni, wakarudi mbele yake wamefuta macho, siku nzima. Hakuna aliyekuwa na kinywa cha kusema.”

Mdomo wake ukawa unacheza bila sauti, na mkono wake uliokuwa juu ya goti langu ulikuwa baridi. Mlangoni kwetu mchungaji alikuwa bado anatazama viatu vyake. Nikatazama akina mama waliojazana mle ndani, hakuna hata mmoja aliyenitazama.

“Mama alipanda?” nikauliza.

“Alipanda, mwanangu.”

Sikulia kwanza. Bibi ndiye aliyelia, kutoka ndani, alipotusikia tumenyamaza. Alikuwa amejua tangu asubuhi, kwa simu iliyotoka Kalemie, na kinywa chake kikakataa kufunguka, akamwomba jirani anisemee, vyovyote atakavyoweza. Mwenzangu, sitaeleza kilio kile. Wanaojua wanajua.

Matanga yalikaa bila maiti. Ziwa halikurudisha kitu. Watu wakaleta sukari, makaa, unga, wakalala sakafuni, wakaimba sasa, wakaimba sana. Baada ya hapo wakarudi makwao, kama ilivyo kawaida, tukabaki bibi na mimi na koti. Bibi alilivaa yeye baridi zilizofuata. Lilimpwaya.

Kitabu jirani alikimalizia, mimi ndiye niliyemwomba. Unajua yaliyofuata? Yale mapigano yote ya kiti cha enzi yalizaliwa na maji yale. Mfalme amebaki na binti tu. Akawaita mabwana, wakaapa kumtii binti. Mfalme alipokufa, binamu wa binti akavuka bahari mbio, akakalia kiti yeye, na walioapa wakampigia magoti. “Si nilikwambia?” jirani akasema, na sauti yake haikuwa ya Uingereza tena, ilikuwa ya Soweto. Mafahali wawili hawakai zizi moja: wakapigana miaka na miaka, mashamba yakaungua, watu wakala majani. Siku moja binti akaponyoka kwenye ngome akiwa amevaa nguo nyeupe, akatembea juu ya mto ulioganda barafu katikati ya maadui, hawakumwona. Akakaribia taji mpaka chakula kikawa mezani, watu wa mji wakamfukuza hata hajanawa mikono. Taji hakulipata, alilipata mwanawe. Nilisikiliza yote hayo kwa uchungu, nikiwachukia wote, wenye haki na wasio na haki. Mnagombea kiti, na watoto wako chini ya maji.

“Kama asingepanda ingekuwaje?” nilimuuliza tulipomaliza.

“Basi kusingekuwa na kitabu,” akasema. Kisha akaniambia kwamba ile sura aliisoma asubuhi ile ile ya mabeseni. Alifungua ukurasa akitafuta raha ya kuniletea, akakuta meli inazama, na maneno ya bibi bado yako masikioni mwake. Akakifunga. Mpishi na chumvi, padri, mbwa aliyepotea kwa siku mbili: hayo yote hayamo kitabuni.

Jirani alirudi Morogoro nikiwa kidato cha juu, ameshindwa na baridi na kesi ya nyumba ya marehemu mumewe. Bibi yuko ardhini hapa hapa, kwenye kaburi la mji usio na ziwa, jambo ambalo angelilaumu. Wapangaji wa pale simjui hata mmoja. Kiswahili kile cha pande mbili, cha ndakala na dagaa, nikikisema leo nakisema na mkoba wangu. Mtoto wangu akizaliwa atanijibu kwa Kiingereza, eish, najua kabisa.

Kitabu kama kile nimekipata tena, nakianza kila majira ya baridi. Nafika bandarini, vijana wamevaa hariri, mvinyo unamiminwa, nakifunga. Watu wanasema kwa nini humalizi. Wanapenda vita, wanapenda yule binti kwenye theluji. Mimi nilishapiga hesabu zangu nikiwa mkubwa. Boti ya mama ilizama siku mbili baada ya ile simu ya Jumapili. Majuma yote yale niliyokuwa nalia apande, apande, mama yangu alikuwa ameshakufa, na mwanamke asiye ndugu yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki kila alasiri, akatunga, akatunga, na bila yeye kujua nikabaki na mama siku moja zaidi.